Aliyejiingiza Mwenyewe

Kambale ni samaki mbishi. Dagaa ukimtoa majini amekwisha kufa kabla hujamwona vizuri, lakini kambale utamvua Ruvuma asubuhi, utamtia kwenye beseni, utamfunika kwa majani ya mgomba, na mchana utamkuta bado anakutazama na sharubu zake. Ndiyo maana akina mama wanaouza chakula pale Kilambo, kwenye kivuko cha kwenda Msumbiji, kila mmoja ana kipande cha mti kando ya jiko. Kambale anapigwa kichwani, anatulia, anapasuliwa, anakaangwa. Hakuna anayeliwaza jambo hilo, na wateja ndio kabisa.

Beatriz naye alikuwa na kipande chake cha mti, kigumu cha mpingo, alichorithi kwa mama yake. Asubuhi moja akakiweka chini, akabeba beseni zima hadi mtoni na kuwamwaga kambale wake wote. Waliokuwepo walidhani amepandwa na shetani. Kijana mmoja wa bodaboda aliingia majini na suruali yake kujaribu kuokoa angalau mmoja, akatoka na matope tu. Tangu siku ile Beatriz anauza chai, mihogo na maharage, na madereva wa malori wanamwita Mama Maharage. Wengine wanapita jikoni kwake bila hata kugeuza shingo, wanakwenda kwa jirani yake kula samaki.

Sasa, mwanamke mwenye akili timamu, mjane, mwenye binti wa kusomesha, anamwagaje mtaji wake mtoni? Hilo nitalieleza, ila itabidi nianzie mbali kidogo, mnivumilie.

Beatriz alizaliwa ng'ambo ya mto. Vita vya kule vilimkuta bado msichana mdogo, na mama yake akavuka naye, nusu ya njia amembeba, nusu nyingine anamburuta. Walipofika upande huu, wasichana wa rika lake walikuwa wanaingizwa unyagoni. Mama yake akakataa. Hakuikataa ngoma yenyewe, alikataa ngoma ya wageni. "Utachezwa nyumbani," alimwambia, "na kungwi yule yule aliyenicheza mimi. Tukirudi." Hawakurudi. Kungwi wa kule alikufa vitani, au alikimbilia kwingine, hakuna aliyejua. Miaka ikaenda, Beatriz akakua, akaolewa na Valdemar, mtoto wa wakimbizi kama yeye, mwanamume mpole asiyejali habari za ua wa wanawake. Hakuna kungwi aliyewahi kumshika mkono.

Kwa watu wa mjini jambo hili ni dogo. Kwa wanawake wa Kimakonde wa ukingo wa Ruvuma, hasa wa umri wa Bibi Theresia, mwanamke asiyechezwa ni ugali ulioipuliwa kabla ya kuiva: uko kwenye sahani, lakini hakuna anayeugusa. Hawakumtukana. Matusi angeyazoea, pengine angeyajibu. Walichofanya ni kukatiza maneno yao. Akitokea wanapozungumza, mazungumzo yanageuka yanakuwa ya mvua na bei ya chumvi, na akishapita yanarudi yalikokuwa. Siku mama yake alipofariki, wanawake waliingia ndani kumwosha, wakafunga mlango. Beatriz, mtoto pekee wa marehemu, akabaki uani na wanaume waliokuwa wakipasua kuni. Alisikia maji yakimwagwa. Hakuruhusiwa hata kumshika mama yake mguu.

Baadaye mikorosho yao ikapata ugonjwa, na Beatriz akaenda Mtwara mjini kutafuta kazi za ndani. Binti yake Vania, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alimwachia wifi yake Delfina, dada wa Valdemar. Delfina hakujaliwa mtoto. Alimpokea Vania kwa mikono miwili, na kwa miaka yote Beatriz aliyokaa mjini, akirudi mwisho wa juma na mkate na sabuni, alimkuta mtoto ameoga, amesukwa, ameshiba, na anamkimbilia shangazi yake akiumia.

Kazi aliipata Shangani, nyumba inayotazama bahari, kwa mhandisi wa mambo ya gesi kutoka Sri Lanka aliyeishi na mama yake mzee. Jina la mzee lilikuwa Somalata, lakini kila mtu alimwita Madam. Kiswahili alikuwa amekiokota sokoni kwa wauza mboga, na kilipomtosha kununua bamia hakuona haja ya kuongeza. Alikuwa Mbudha. Kila kulipopambazuka alijifunga shuka jeupe, akaketi barazani juu ya mto wa sufi, miguu ameikunja, macho ameyafumba nusu, na hapo hasemi wala hakohoi mpaka jua lipande. Beatriz alidhani anaumwa na mwanawe anaficha.

"Madam, unafanya nini pale?" alimwuliza siku moja akiwa na ufagio mkononi.

"Mimi kaa."

"Unakaa tu?"

"Kukaa ngumu sana, Beti. Wewe jaribu."

Akaweka ufagio, akakaa. Cha kwanza kilichomjia ni yale maji, maji ya kuoshewa mama yake nyuma ya mlango. Akalia mpaka kanga ikalowa. Madam hakumwuliza kitu, wala hakumwambia nyamaza. Walipoinuka alimwambia tu akaweke chai. Beatriz hakuwahi kulia mbele ya mwanamke mwenzake bila huyo mwanamke kukatiza, kushauri au kuondoka, na asubuhi iliyofuata alikuja kazini mapema ili akae tena.

Ndivyo alivyojifunza kuifuata pumzi yake ikiingia na ikitoka. Akajifunza na mambo matano ya kushika: usiue, usichukue usichopewa, usivunje ndoa, usiseme uongo, usilewe. Ni mambo ambayo hata katekista wa Kilambo asingeyapinga, isipokuwa lile la kwanza kwa Madam lilikwenda mpaka kwa kuku, samaki na siafu.

Lakini akili ya Beatriz ilikuwa ya kwao. Kwao hakuna jambo zito linalofundishwa bila mtu kuingizwa. Akafikiri basi huku kukaa barazani ni maandalizi tu, na kwamba Madam, kama kungwi yeyote anayejiheshimu, anangoja aletewe ada na ana haya ya kuitaja. Akajilaumu kwa kumweka mzee wa watu. Jumatatu moja akarudi kutoka Kilambo amenyoa kichwa, amejifunga kanga mpya, na kwapani ana kuku jike mnono. Akapiga magoti barazani, akasema, "Madam, nimekuja. Niingize."

Madam alimtazama kuku, akamtazama Beatriz, akacheka mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka. Alipouona uso wa Beatriz akaacha kucheka. Akaketi naye chini. "Mimi hapana mwalimu, Beti. Mimi bibi tu. Mtawa iko Dar es Salaam, hekalu iko. Siku moja sisi kwenda. Yeye sema, wewe sema, basi." Kuku naye, kwa kuwa pale hakuna wa kumchinja, alihamia. Alikula mchele wa nyumba ile, akataga chini ya kochi la mhandisi, akafa kwa uzee amenona kuliko sisi wengine.

Hiyo siku moja haikufika. Mkataba wa mhandisi ulikatishwa, na nyumba ikafungwa kabla Beatriz hajaizoea habari yenyewe. Madam alimwachia simu yake na masufuria, akamshika mashavu, akapanda gari. Beatriz akarudi Kilambo akiwa amebaki nje ya mlango kwa mara ya pili katika maisha yake. Mlango huu wa pili ulimwuma zaidi, kwa kuwa aliwahi kuchungulia ndani akapapenda. Mwaka uliofuata Valdemar akafariki, na yeye akaanza kupika pale kivukoni ili mtoto asome.

Hapo ndipo alipokutana na wale kambale. Asubuhi ile alikuwa na mti mkononi, kambale wa kwanza ameshamshika, naye kambale anafumbua mdomo na kufumba, anavuta pumzi kwa shida, ndani na nje, ndani na nje. Beatriz akajikuta anayasema yale mambo matano, moja moja, kwa sauti. Hapakuwa na mtawa, Madam hakuwepo, palikuwa na yeye, beseni, na mbuzi wa jirani akila maganda ya mihogo. Alipomaliza akajua hataua tena. Mengine mmeshayasikia.

Haya. Mwaka huu Vania ametimiza umri, na ngoma ya wasichana ikapangwa likizo ya Juni. Siku moja, baada ya wateja wa chai kuondoka, Bibi Theresia mwenyewe akaja na mkongojo wake. Ndiye kungwi wa upande ule wote, kuanzia Kilambo mpaka karibu na Mahurunga, na haendi kwa mtu bila sababu. Beatriz akamtandikia mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanao amekua."

"Amekua, bibi."

"Na mwezi wa sita anaingia. Sasa nani atamwingiza?"

Jibu Beatriz alilijua, na kila mwanamke pale kivukoni alilijua. Katika ngoma ya Bibi Theresia mama ndiye anayemkabidhi mwali kwa mkono wake na kukaa naye ndani ya ua. Mama asiyechezwa havuki ua, kwa hiyo mwanamke mwingine anashika nafasi yake. Na nafasi ile haishi siku ya ngoma. Mchumba akija, anayeitwa ni yule. Mtoto wa kwanza akizaliwa, anayepokea ni yule. Mama mzazi anabaki kuwa mtu aliyezaa.

"Delfina ameshanijia," alisema Bibi Theresia. "Ameomba. Na si bure, amemlea."

"Ni mwanangu, bibi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako kabla sijamjibu." Mzee alinyoosha miguu, akaugulia magoti. "Mama yako alikuwa mwenzangu. Hii ngoma kwangu nadhani ndiyo ya mwisho. Nitakucheza wewe na mwanao pamoja. Mtu mzima kama wewe sijamcheza tangu nizaliwe, watasema Theresia amezeeka vibaya. Nnakwambia, waseme!"

Beatriz aliishika ile mikono mikavu akaiweka kwenye paji la uso wake. Mwanamke anayekaribia miaka hamsini alilia pale mkekani, na mzee akamwacha alie, halafu akaongeza, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe asisahau chumvi, "Jogoo wako nitamtoa na kumchinja mimi, mle ndani, maana mama yako hayupo. Wa Vania utamchinja wewe, mbele ya wanawake wote. Hapo ndipo panapojulikana mama ni nani."

Machozi yakamkauka Beatriz. Akamweleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, mara Madam, mara kambale, mara pumzi. Bibi Theresia alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, kwa kuwa habari ya kuingizwa na kuapa ni kazi yake na anaiheshimu popote anapoikuta.

"Huko kwa Budha," aliuliza, "somo wako nani?"

"Hakuna, bibi. Madam alisema yeye si mwalimu."

"Nani alikushika mkono siku ya kuingia?"

"Hakuna."

"Nani alikutoa nje, akakuonyesha kwa watu, akasema huyu sasa ni wetu?"

"Hakuna."

"Basi hujaingia." Alisema bila ubaya wowote, kama fundi anayekuambia mlango umekaa upande. "Mtu hajichezi ngoma mwenyewe, Mama Vania. Ulisikia maneno mazuri ukayapenda, hivyo tu. Mkono wako uko huru. Lete jogoo."

Alipoondoka, Beatriz alikaa na vikombe visivyooshwa. Alifurahi, maana mkono wake ulikuwa huru na mtoto wake amempata. Na aliumia vibaya sana, kwa sababu alikuwa ameambiwa tena, na mtu anayempenda safari hii, kwamba hayumo. Akamkumbuka mwanamke mmoja wa Mahurunga aliyekuwa akijibanza nje ya ua na kusikiliza nyimbo za ndani mpaka akazijua zote, vizuri kuliko wenye nazo. Siku aliyojisahau akaimba moja kisimani, alitozwa faini na kuitwa mwizi. Beatriz akajiuliza kama na yeye si mwizi wa aina hiyo hiyo, na kama ni mwizi, basi si arudishe mali ya watu, amchinje jogoo, yaishe? Alitaka kuambiwa hayumo ili aingie na mwanawe. Alitaka kuambiwa yumo kwa sababu ni kweli. Majibu mawili, na moyo mmoja, na ngoma inakaribia.

Mtandao pale Kilambo unakamata ukipanda kwenye kichuguu nyuma ya zahanati. Akapanda, akashika simu aliyoachiwa, akamtumia Madam ujumbe wa sauti. "Madam, shikamoo, ni Beti. Swali langu ni moja tu. Yale mambo matano niliyasema peke yangu, hakuna aliyeyapokea. Je, nimo au simo?" Akataka kueleza na habari ya jogoo, akaieleza yote, akashuka.

Jibu halikuja kesho yake wala keshokutwa. Vania alikuwa hashikiki kwa furaha. Delfina alikuwa anamshonea gauni la kutokea, na siku moja Vania akaja nalo likiwa bado na pini, akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, shangazi anasema Bibi Theresia atakucheza na wewe. Ni kweli?"

"Shangazi alisema nini tena?"

"Alilia. Halafu akasema ni haki yako." Vania alizungusha gauni. "Utakuwa na mimi mle ndani?"

"Nataka, mwanangu."

"Unataka, au utakuwepo?"

Beatriz alishika pini moja iliyolegea akaichomeka vizuri. Vania si mjinga. Yeye ndiye aliyebeba beseni tupu kurudi nalo nyumbani siku ile ya kambale, watoto wenzake wakimfuata nyuma na kumzomea.

"Ni jogoo mmoja tu, mama. Krismasi wanachinja kwa shangazi, na mchuzi unakunywa." Aliichomoa ile pini. "Unakunywa, mama, nimekuona."

Kweli alikuwa anakunywa. Mwenye jibu na ampelekee. Vania alivua gauni palepale na kurudi nalo kwa shangazi yake.

Madam alijibu siku Beatriz alipokuwa ameshakata tamaa ya kupanda kichuguu. Sauti yake ilikuwa imekonda, na kikohozi kilimkatiza.

"Beti, mimi nasikia wewe. Watu wengine sema lazima mwalimu. Iko njia zingine, huko milimani, bila mwalimu mlango hapana funguka kabisa. Hata kwetu, vizuri mtawa sema kwanza, wewe fuata nyuma. Mimi napenda hiyo. Lakini mtawa hapana toa kitu, Beti. Yeye mkono tupu. Yeye sema tu ili wewe hapana potea. Kuchukua, wewe nachukua mwenyewe. Siku ile ya samaki, wewe nachukua. Basi, wewe iko ndani." Akakohoa kwa muda mrefu. "Ukitaka, weka chini. Kesho chukua tena. Hapana mtu kasirika. Hapana mtu piga wewe. Wewe tu najua."

Mtu mwingine angefurahi. Beatriz alisikiliza tena na tena mpaka simu ikazimika, na kila aliporudia hasira ilimpanda. Afadhali angeambiwa huwezi. Afadhali angeambiwa ruksa. Kungwi akikukataza kitu, unaweza kwenda kumpigia magoti, kumpelekea kitoweo, kumtuma mtu wa makamo akusemee, na mwisho atalegeza kwa siku moja. Kila ngoma ina mwenyewe wa kuombwa. Hii yake haikuwa na mwenyewe ila yeye, na hakujua mtu anajipigiaje magoti. Alikaa pale juu ya kichuguu amebanwa kila upande, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyembana.

Akaamua ataweka chini. Asubuhi moja tu, kwa ajili ya mtoto. Madam mwenyewe amesema hakuna atakayekasirika. Akanunua jogoo mwekundu, mzuri, na kila alipomtupia chenga za mchele alijizoeza kimoyomoyo: ninaweka chini, ninaweka chini.

Siku ya ngoma ua wa matete ulikuwa umesimamishwa nyuma ya nyumba ya Bibi Theresia, ukiwa na kimlango kimoja. Nje ya kimlango walijaa wanawake, vigelegele na vumbi, na watoto wadogo wakichungulia katikati ya miguu ya mama zao. Wasichana walipangwa mstari, wamepakwa unga usoni. Akina mama wa wenzake Vania walichinja, mmoja mmoja, na kila aliyechinja alimshika mwanawe mkono wakaingia. Ikafika zamu ya Vania. Beatriz alisogea na jogoo kwapani, kisu mkononi. Delfina alikuwa nyuma kabisa, amejifunika kanga mpaka puani.

Kabla ya kuanza kungwi ana maswali yake, na Bibi Theresia aliyauliza kwa sauti ili wote wasikie.

"Mama Vania, yuko mwalimu mwingine anayekushika?"

"Hayuko, bibi."

"Iko ngoma nyingine uliyoingizwa?"

"Hakuna aliyeniingiza."

Yalikuwa majibu ya kweli, yote mawili. Wanawake wakashusha pumzi, mmoja akapiga kigelegele kabla ya wakati. Bibi Theresia akatabasamu mpaka pengo likaonekana. "Haya. Mchinjie mwanao."

Beatriz akamlaza jogoo, akamkanyaga mabawa kama anavyokanyagwa kuku yeyote, akavuta shingo. Jogoo alikuwa mtulivu, amezoea mkono wake. Pumzi ilimpita chini ya vidole, ndani na nje. Ninaweka chini, akasema moyoni. Akangoja kile kitu kishuke, hakikushuka. Akasema tena. Na hapo likamjia jambo ambalo hakulitafuta. Maisha yake yote milango ilifungwa na watu wengine. Ng'ambo ya mto vita vilimfungia, kwenye maiti ya mama yake walimfungia, Shangani walifunga nyumba na kwenda zao. Mahali pamoja tu duniani aliingia bila kumwomba mtu, na mtu pekee anayeweza kumtoa pale ni huyu aliyeshika kisu.

Tusidanganyane, hakukuwa na amani yoyote. Alimchukia Madam na mto wake wa sufi. Alimchukia mzee huyu mwema aliyemfungulia mlango miaka yote hii baadaye. Aliinua macho akamwona Vania, unga umeanza kuchuruzika na jasho, midomo inacheza bila sauti: kata, mama. Kata. Mkono haukusogea.

"Siwezi," alisema.

Bibi Theresia aliinama mpaka masikioni mwake. "Hakuna aliyekufunga, binti yangu."

"Najua, bibi. Ndiyo shida yenyewe."

Kungwi akangoja muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Halafu akainuka na kupaza sauti, maana ngoma haisimami. "Mama wa mwali huyu ni nani?"

Kisha Delfina akaja kutoka nyuma, analia wazi bila kujificha tena. Alichukua kisu mkononi mwa Beatriz taratibu, na Beatriz hakukishikilia. "Ni mimi," alisema Delfina. Jogoo alipapatika kidogo tu.

"Wewe mwali, mama yako ni nani?"

Vania alimtazama Beatriz. Alimtazama kwa muda, akimpa nafasi, na nafasi ikapita. "Ni huyu," alisema, akamshika Delfina mkono wenye damu. Vigelegele vikapanda, wakaingia.

Ukabaki utaratibu mmoja. Bibi Theresia aligeukia umati, na bila kumtazama mtu akasema wale wote wasiochezwa waondoke hapo sasa, waende mbali. Watoto wadogo wakaanza kutimuliwa kwa matawi, wakicheka na kusukumana. Beatriz alijifunga kanga yake vizuri, akatoka nao. Nyuma yao kimlango cha matete kikafungwa, na ngoma zikaanza.

Kabinti kamoja kenye kamasi puani, kasikofika hata umri wa shule, kalipenyeza mkono wake kwenye mkono wa Beatriz na kumwangalia juu.

"Na wewe bado?"

"Bado," alisema Beatriz, akakashika mkono vizuri, wakaharakisha na wenzao ili wasisikie nyimbo.